Mzee na Sanamu ya Askari

Wandugu, Jumapili niliwatoa Mzee, Mama na mdogo wangu kwenda mjini kutembea. Mzee ameishi Dar zaidi ya miaka 30 na hajawahi kukanyaga Makumbusho ya Taifa. (Msimcheke. Wewe umeingia lini tangu ile safari ya shule ya msingi?)

Ndani, dogo aliganda mbele ya Zinjanthropus, yule aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, akauliza kama naye alikuwa akifanya mitihani. Mama aliyapenda magari ya zamani. Mzee alilalamikia miguu tu.

Tukatembea hadi Sanamu ya Askari, pale Samora. Nikajifanya mwalimu: ilizinduliwa mwaka 1927, kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

"Wapagazi?" Mzee akanikatiza. "Babu yangu walimchukua kubeba mizigo ya Waingereza. Hakurudi. Bibi alikaa miaka anamsubiri."

Akaizunguka sanamu taratibu, akisoma kila upande. "Mbona hawakuandika majina?"

Sikuwa na jibu. Napita hapo kila siku nikienda kazini. Nimeshaandika habari za foleni ya hapo mara mbili, nikasifiwa na mhariri. Sikujua kama tuna mtu wetu pale.

"Aliitwa nani, baba?"

Akalitaja. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi sikuwa nayo (mwandishi gani huyu!). Nikaliandika nyuma ya tiketi ya makumbusho.