Inanga Katika Vilima vya Kinyaga

Nyakarenzo imo katika vilima vya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi ya Rwanda, nyuma ya mji wa Kamembe ambako Kiswahili husikika sana sokoni. Tangu kale nchi hii huitwa Kinyaga. Ilikuwa mbali na ikulu, na ni katika enzi ya Mwami Rwabugiri, mwishoni mwa karne ya 19, ilipofungwa barabara na ufalme.

Muziki wa heshima wa ufalme huo ulikuwa na ala mbili kuu: ngoma na inanga. Inanga ni ubao mrefu uliochimbwa mfano wa chano. Uzi ni mmoja tu, ila hupitishwa huku na huko juu ya ubao hata ukawa kama nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akaipakata, akasimulia kwa sauti ya chini habari za wafalme, mashujaa na ng'ombe. Askari aliyezoea tarumbeta za gwaride ataona sauti hiyo ni ndogo mno. Lakini haikukusudiwa uwanja, ilikusudiwa chumba.

Jambo hili lina mfano wake Bara Hindi. Huko mizizi ya muziki yatafutwa katika nyimbo za ibada za Samaveda. Muziki wenyewe huenda kwa raga, yaani njia ya sauti, na tala, yaani mzunguko wa mapigo. Mwanafunzi hukaa na mwalimu wake miaka mingi, akapokea kwa sikio wala si kwa karatasi. Tansen, bingwa wa karne ya 16, alilishwa na baraza la mfalme Akbar. Mabaraza ya wafalme yalipokwisha baada ya uhuru wa 1947, redio ya taifa ikawa mlezi wa wanamuziki wengi.

Rwanda nayo iliondoa ufalme mwaka 1961. Ni nani basi angemlisha mpiga inanga? Hapo ndipo hatari ilipokuwa, kwani sanaa isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Redio ilisaidia, lakini redio haimshiki mtoto vidole.

Thomas Kirusu, mpigaji mashuhuri, alimfundisha binti yake, Sophie Nzayisenga, tangu udogoni, ingawa inanga ilihesabiwa ala ya wanaume. Binti huyo akakua, akaipiga mbele ya wageni ndani ya Rwanda na nje yake, uzi ukiwa ule ule mmoja.