Nyota za Elfu Hamsini

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinitumia ujumbe kutoka Mbeya: "Kaka, ile nyongeza imeshuka bei. Tununue au tuache?" Nilikuwa kwenye bajaji, natoka Ipogolo napanda Iringa mjini. Nikacheka peke yangu mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Miaka michache nyuma, nyongeza ya gemu hilohilo ilitufanya tusisemeshane kwa miezi minane.

Desemba 2019 nilimtumia elfu 80: nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili, gesti ya usiku mmoja na kutoa kopi za vyeti. Alikuwa amemaliza chuo miaka miwili kabla, anaishi nyumbani Uyole na mama, na bahasha yake ya kaki ilikuwa imetembea mikoa mingi kuliko mimi mwandishi wa habari. Kwenye usaili hakwenda. Nilijua kwa mama, ambaye wala hakukusudia kumchongea: "Huyo mwenzio yupo tu hapa, anacheza ile michezo yake ya nyota." Nikampigia. Hakudanganya. Akasema karibu elfu 50 ya ile hela imeishia kwenye nyongeza ya gemu. Jina lake Utopia.

Niliyomwambia siku ile siyaandiki hapa. Elfu 50 ilikuwa inazidi kodi ya mwezi ya chumba changu cha Kihesa. Nakumbuka nilimuuliza mara tatu: "Nyongeza ya nini? Gemu si unalo tayari?" Akajibu, "Kaka, huwezi kuelewa," akakata simu.

Kwa msomaji ambaye naye haelewi, gemu lenyewe linaitwa Stellaris. Limetengenezwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Uswidi, na lilitoka Mei 2016. Unaanza na sayari moja na meli chache. Unatuma meli ya utafiti kwenye nyota za jirani, unajenga vituo, na siku moja unakutana na viumbe wengine ambao nao wanajenga vya kwao. Hapo unaamua: ujirani, biashara au vita. Si gemu la kumaliza jioni moja. Mchezo mmoja unaweza kukuchukua wiki kadhaa. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa pia Europa Universalis IV, ambamo mtu anaweza kuishika Kilwa ya karne ya 15 na kujaribu kuiepusha na yaliyoikuta.

Biashara yao iko hivi. Gemu wanakuuzia mara moja, halafu kwa miaka wanaendelea kuliongezea. Leviathans ilitoka 2016, Utopia 2017, Apocalypse na MegaCorp 2018, Ancient Relics 2019, Federations 2020, Nemesis 2021, Overlord 2022, na bado hawajachoka. Miaka ile nyongeza kubwa iliuzwa karibu dola 20, ndogo karibu nusu ya hapo. Ukizijumlisha zote, zinalipita mbali gemu lenyewe. Kwa mtu wa nje hawa ni kama fundi anayekujengea nyumba, halafu anakuuzia milango mmoja mmoja. Mimi ndivyo nilivyoamini.

Krismasi ile sikwenda nyumbani. Machi 2020 corona ikaingia, safari za kikazi zikapungua, nami nikawa na jioni nyingi na maneno machache. Kwenye laptopu yangu kulikuwa na akaunti ya mdogo wangu, aliyoiacha wazi alipokuja kunitembelea Pasaka ya mwaka uliotangulia. Usiku mmoja nikaifungua. Sitajipamba: nilikuwa natafuta ushahidi.

Niliupata. Akaunti ilionyesha amecheza saa 611. Nikapiga hesabu ya mtu mwenye hasira: ni zaidi ya siku 25, usiku na mchana. Kisha, kwa kuwa hesabu ni hesabu, nikapiga na ile nyingine. Ukichukua bei ya gemu na ya Utopia ukagawa kwa saa hizo, kila saa haifiki bei ya chapati. Hiyo ya pili sikuipenda.

Nikafungua mchezo wake wa mwisho uliohifadhiwa. Sayari ya makao makuu aliipa jina la Uyole. Kutoka hapo makoloni yake yalikwenda nyota kwa nyota: Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Mtu yeyote aliyepanda basi kwenye barabara ile angeijua ramani hiyo. Mwisho wa mstari, mpakani kabisa, kulikuwa na koloni dogo linaitwa Iringa, na meli zake nyingi za kivita zilikuwa zimeegeshwa pale kwa sababu jirani wa upande ule alikuwa mkorofi.

Na pembeni ya Uyole kulikuwa na kitu ambacho nilikilipia mimi bila kujua. Alikuwa anajenga pete ya kuizunguka nyota nzima, pana kiasi kwamba watu wanaishi upande wake wa ndani kama wanavyoishi duniani. Ni kazi ya miongo ya mchezo. Unakusanya madini, unasubiri, kipande kimoja kinakamilika, unaanza kingine. Hiyo ndiyo Utopia: inakupa ruhusa ya kujenga makubwa. Bila nyongeza hiyo gemu linachezeka vizuri tu, ila pete huipati.

Nilikaa nikitazama vipande viwili vilivyokamilika mpaka luku ikaanza kulia. Mdogo wangu alikuwa na miaka 26 na hakuwa na mahali pa kujenga hata kibanda cha kuku. Humu ukichimba madini ya kutosha, jengo linasimama. Hakuna anayekwambia "tutakupigia".

Nikaanza mchezo wangu mwenyewe, kwa siri. Miezi ile nilicheza kwenye akaunti yake. Baadaye nilifungua ya kwangu, na kila msimu wa punguzo nikawa nanunua nyongeza moja. Kwa hiyo kuhusu thamani yake naweza kusema kidogo.

Apocalypse inakupa silaha ya kuiangamiza sayari nzima. Nilidhani ingenifurahisha. Lakini nimefanya kazi Iringa miaka mingi, na Kalenga ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Nimepeleka wageni pale kwenye makumbusho mara nyingi kiasi kwamba naweza kusimulia bila maelezo ya ukutani: Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Zelewski kule Lugalo, Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga, Mkwawa akaendelea msituni hadi 1898, akajiua asikamatwe, fuvu likarejeshwa 1954. Siku silaha ile ilipofika mbele ya sayari ya watu wenye vijimeli vyao vya kizamani, mkono wangu ulikaa juu ya kitufe, nikaona aibu kama vile kuna mtu wa kule amesimama nyuma ya kiti. Nikageuza meli. Wapo wanaoipenda nyongeza hiyo na si wabaya. Kwangu mimi ilikuwa elfu kadhaa za kujifunza nisichokitaka.

Ancient Relics, ambayo ni ndogo na ya bei ya chini, ilinishika zaidi. Inakuletea machimbo ya mambo ya kale. Wanasayansi wako wanachimba sura baada ya sura, kila sura na kisa chake, na mwishoni unaweza kuondoka na kitu cha thamani cha watu waliotoweka. Unakiweka ghalani na kinakupa nguvu. Mara ya kwanza nilishangilia. Mara ya tatu nikajikuta nauliza: hivi hiki ni cha nani? Sikuwa nimetarajia gemu la Stockholm linirudishe Kalenga kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Nyongeza inayokuongezea tu vitu, bunduki kubwa zaidi, meli nyingi zaidi, utaichoka baada ya wikendi mbili. Inayokuuliza swali ambalo gemu la mwanzo halikukuuliza, hiyo inaweza kuwa na thamani ya hela yako. Na hata hilo swali si lazima ulinunue. Katama Mkangi alimpeleka Dzombo wake kwenye sayari ya watu wanaoishi kwa haki katika *Walenisi*, riwaya ya 1995, na jina la kitabu ndilo jibu lake: wale ni sisi. Aliyeiandika alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini kwa fikra zake. Nilipoisoma upya mwaka ule, baada ya kuitazama ile pete, niliona kwamba Mkangi na mdogo wangu walikuwa wanajenga kitu kimoja: mahali ambapo mtu hahitaji kumjua mtu.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa vitabu mtalifurahia. Kila nyongeza kubwa huja na apdeti ya bure kwa kila mwenye gemu, na nyingi kati ya apdeti hizo zimepewa majina ya waandishi wa hadithi za kisayansi: Clarke, Asimov, Le Guin, Butler, Lem. Na mara nyingi cha bure ndicho kinachobadilisha mengi. Le Guin, iliyokuja siku moja na MegaCorp mwaka 2018, ilipangua kabisa namna ya kuendesha sayari. Kwa hiyo hata usiponunua kitu, unaamka unakuta nyumba yako imehamishwa kuta. "Bure" yenyewe nayo ina bei: inameza bando la wiki nzima. Na kwa kompyuta kuukuu kama zetu, ukifika miaka ya mwisho ya mchezo mwendo unakuwa wa roli lililopakia mbao likipanda mlima. Chagua galaksi ndogo, usijipe presha.

Agosti 2020 nikampigia simu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kikaka, yote yakanipotea. Nikasema, "Hivi ile pete uliimaliza?"

Kimya. Halafu: "Umeingia kwenye akaunti yangu?"

"Nimeingia."

"Iringa umeiona?"

"Nimeiona."

Ndipo akanisimulia ya Dodoma. Ungekuwa usaili wake wa saba. Alifika stendi na bahasha yake, akakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka. Hakuniambia kwa sababu pamoja na ile elfu 80 nilimwandikia maneno matatu, na bado alikuwa nayo kwenye simu: "Safari hii usiniangushe." Mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa. Niliona nimetuma hela, yeye alipokea deni. Nikamwomba radhi. Naye akaniomba, kwa sababu hela haikuwa ya gemu na alilijua hilo. Mama, aliyekuwa anasikiliza pembeni, akasema, "Ndaga fijo," sijui akimshukuru nani kati yetu.

Tukaanza kucheza pamoja kila Jumamosi usiku, yeye Uyole, mimi Kihesa. Hapo nikajua kanuni moja ya Stellaris ambayo ningeijua mapema tungegombana kidogo: mkicheza pamoja, anayefungua mchezo akiwa na nyongeza, wote waliomo wanazitumia. Ni kama zile enzi za runinga moja mtaani, mwenye nyumba ananunua, watoto wote wanakaa sakafuni. Basi tukaacha kununua mara mbili mbili. Federations, inayohusu kuunda miungano na kuvumiliana ndani yake, kwa mchezaji wa peke yake ningeiita ya kawaida. Kwetu sisi ndugu wawili wabishi imelipa kila senti.

Nikiulizwa basi, jibu langu ni hili. Anza na gemu tupu. Ukilichoka kabla ya mwezi, hakuna nyongeza itakayokuokoa. Ukilipenda, chukua Utopia, ukisubiri punguzo, maana za zamani mara nyingi hushuka hadi nusu bei. Ancient Relics kama unapenda visa. Federations kama una mtu wa kucheza naye. Zilizobaki zitazame kama kitabu dukani: soma nyuma ya jalada, urudishe, ukiendelea kuiwaza wiki nzima ndipo urudi. Na usinunue kwa hela iliyotumwa kwa jambo lingine.

Mdogo wangu hakuipata kazi ya serikali. Anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda Mwanjelwa, na siku hizi ni yeye anayenitumia hela mshahara ukichelewa. Haniandikii maneno yoyote pamoja nayo.

Ujumbe wake wa Jumapili niliujibu usiku. Elfu 50, nilimwambia, ni nauli ya kuja huko na kurudi, na mishkaki juu. Nyongeza itasubiri.

Akajibu baada ya dakika moja: "Poa. Njoo na laptopu."