Bologna, Mji wa Walimu wa Sheria

Wako watu wanaodhani kwamba sheria ni kama mwamba: ilivyokuwa jana ndivyo itakavyokuwa kesho. Sisi tulikwenda Bologna, katika Italia ya kaskazini, kuhudhuria mkutano wa wataalamu wa historia ya sheria, na huko tuliona mengine.

Mji ule ni wa matofali mekundu. Kando ya njia zake viko vibaraza vya nguzo na matao, urefu wake wote pamoja kilometa 62 hivi, hata mwenda kwa miguu haogopi mvua. Chuo Kikuu chake huhesabu miaka yake tangu 1088. Hapo mwalimu Irnerius alisomesha vitabu vya Justinianus, mfalme mkuu wa Warumi wa karne ya 6. Neno gumu alilieleza kwa maandishi madogo pembeni mwa ukurasa, na walimu waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Katika karne ya 13 Accursius alikusanya maelezo hayo, yakapita 96,000. Karibu na kanisa la Mtakatifu Fransisko tuliliona kaburi lake, limeinuliwa juu ya nguzo kama nyumba ndogo.

Elimu hiyo ilienea Ulaya, ikaingia katika kitabu cha sheria cha Wafaransa cha 1804, ambacho Wabelgiji walikifuata. Amri ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano, iliyowekwa Kongo, ni ya ukoo huo huo. Basi anayekopesha fedha Bukavu au Lubumbashi anashika uzi ambao walimu wa Bologna waliusokota.

Mkutanoni kila msemaji alipewa muda wake, kisha wenzake wakamwuliza: Neno hili umelisoma wapi? Nani aliliandika, na kwa faida ya nani? Maswali hayo tuliyachukua tulipokuwa tukifikiri juu ya kitabu kimoja kilichohifadhiwa mjini mle, jina lake Liber Paradisus, yaani Kitabu cha Paradiso.

Mwaka 1256 mji wa Bologna uliwakomboa watumwa. Bwana alilipwa lira 10 kwa mtumwa aliyepita miaka 14, na lira 8 kwa mtoto. Mwaka 1257 waandishi wakaandika majina yao, watu zaidi ya 5,000. Haikuwa huruma tupu, kwa maana mtu huru hulipa kodi. Lakini ajabu ni hii: vitabu vya Justinianus vilikuwa vimekiri tangu 533 kwamba utumwa ni kinyume cha maumbile, ila ni desturi ya mataifa. Walimu walilisoma neno hilo, wakalieleza, na watumwa wakaendelea kulima. Lilingoja miaka zaidi ya 700.

Hivyo sheria njema peke yake haimfungui mtu. Inahitaji watu wa kuitimiza, na karatasi yenye jina la mnyonge.

Kwetu nako amri ya 15 Aprili 1926 ilipanga mabaraza ya kuhukumu kwa desturi, lakini maneno mengi ya wazee hayakuandikwa. Basi enyi wazazi, mkigawa shamba au mkipatana mahari, andikeni katika daftari: siku, mashahidi, na jina la kila mmoja, la mjane na la yatima pia. Mtoto asiyeandikwa leo, nani atamtetea kesho?