Kivuli ni Mwalimu

Wazazi wengi huuona mchezo wa vivuli kuwa upuzi. Humwona mtoto akikimbia huku na huku uani, akijaribu kukanyaga kivuli cha mwenziwe, wakasema, "Mtoto huyu hana kazi." Mimi nimewafundisha watoto wadogo miaka mingi hapa mitelemkoni mwa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, nami nasema kazi anayo.

Asubuhi twatafuta mahali peupe pasipofunikwa na migomba. Watoto husimama wawili wawili. Mmoja hutulia wima, na mwenziwe huchora udongoni kwa kijiti ukingo wa kivuli chake. Baada ya saa mbili hurudi, aliyesimama akaweka nyayo zake palepale. Kumbe! Kivuli kimekuwa kifupi tena kimehama, na mchoro umebaki nyuma. Hapo maswali huanza yenyewe. Mvua ikinyesha twafunga madirisha na kuwasha taa, na mikono yao hufanya mbwa na sungura ukutani. Hujionea kwamba mkono ukisogezwa karibu na taa, sungura huwa mkubwa kama tembo.

Mwezi wa Desemba mmoja twalisimika fimbo ya sentimita 100. Mvulana mkubwa, msomaji wa vitabu, akawaambia wadogo kwamba saa sita ya mchana kivuli hutoweka, maana jua huwa utosini. Wote wakakubali. Ndipo msichana wa darasa la kwanza, ambaye desturi yake ni kunyamaza, akasema kwa upole, "Kaka, naomba twende tukatazame."

Wengine wakacheka, lakini tulikwenda. Kivuli kilikuwapo, chapata sentimita 37, kimeelekea kaskazini, yaani mlimani. Tena hakikufikia ufupi wake saa sita kamili, bali karibu na saa sita na nusu. Kwa kuwa saa za Tanzania zafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye nyuzi 37. Hapa kwetu jua la mchana hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba. Mwezi wa Juni, mawingu yakituachia, kivuli cha fimbo ileile hupata sentimita 50, nacho hugeukia kusini, upande wa tambarare.

Kwa njia kama hiyo, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, huko Misri, alilinganisha kivuli cha mchana cha Alexandria na jua la utosini la Syene, akakadiria mzunguko wa dunia nzima.

Nami nalilipenda zaidi neno la yule mtoto. Twawafundisha watoto wasibishane na wakubwa, na ndiyo adabu. Lakini hofu yangu ni kwamba twaweza kulea watu waionao kweli wakanyamaza. Msichana yule hakumvunjia mkubwa heshima. Alimwalika kutazama, na mvulana mwenyewe ndiye aliyeshika kamba ya kupimia.

Basi, wazazi, mkimkuta mtoto akichora kivuli uani, msimfukuze upesi. Mwonyeni asilikazie jua macho, maana huyaharibu. Kisha mwulizeni, "Je, jana kilifika wapi?"