Dua Tulisoma, Nakala Tulisahau

Binti wa mtaa wetu hapa Kondoa alipokwenda Oman kufanya kazi za ndani, sisi wanakamati wa msikiti tulimsomea dua, tukamuaga. Baada ya miezi mitatu simu yake ikawa haipatikani. Tulipotaka kuuandikia ubalozi wetu ulioko Muscat, hatukuwa na namba ya pasipoti wala jina la mwajiri. Mama yake alitutazama, tukainamisha vichwa.

Alirejea salama, alhamdulillahi. Huko viza humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Basi kila msafiri awaachie wazazi nakala za pasipoti, viza na mkataba, pamoja na anuani ya mwajiri. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia kwanza, kisha atawakali. Sisi tulitawakali, ngamia hatukumfunga.