Unyayo wa Nyuma

Jumatatu, 3 Februari 2025

Hamu ya yoga imepungua tangu mwaka uanze. Si uchovu, maana usingizi napata. Alfajiri natandika mkeka sebuleni kabla makonda hawajaanza kuita abiria, na mwili unapita mkao baada ya mkao kwa mpangilio ule ule, lakini akili iko dukani, kwenye hesabu za mwisho wa mwezi. Namaliza mkao wa pembetatu kulia na kushoto nisijue hata nilipumuaje.

Jumamosi, 8 Februari

Darasani Upanga. Wenzangu waliomba mkao mpya. Mwalimu akatikisa kichwa, akatuweka kwenye pembetatu hadi jasho likadondoka. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia karibu na kifundo, wa kushoto umenyooka juu. Akaja akainama nyuma yangu, akagusa mguu wa kushoto. "Mwanangu, na huu nao ni wako."

Kweli, ukingo wa nje wa unyayo ulikuwa hewani. Nikaukandamiza sakafuni, kuanzia kidole cha mwisho hadi kisigino. Paja likakaza, pia ya goti ikapanda, mbavu za upande wa chini zikapata nafasi, na shingo ikageuka kutazama kidole gumba cha mkono wa juu bila kuuma. Pumzi moja, mbili, kisha kidole cha mwisho kikanyanyuka tena. Nilipokishtukia, nilikuwa nimesharudi dukani kuhesabu. Nikakishusha, nikarudi. Kikapanda, nikapotea. Mambo haya mawili yanatokea kwa pamoja kabisa! Nimefurahi mno leo, muda mrefu sijafurahi hivi juu ya mkeka.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi tatu hizi naamka na shauku ya kwenda kuuangalia mguu wa kushoto. Hakuna kipya, mkao ni ule ule wa mwaka jana.

Nimefungua tena Light on Yoga, kitabu cha B.K.S. Iyengar. Iyengar alizaliwa 1918, akakua akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Shemeji yake, T. Krishnamacharya, ndiye aliyemfunza kule Mysore, na mwaka 1937 akaenda Pune kufundisha. Kitabu kilitoka 1966, na kati ya mikao yake takriban 200, pembetatu iko kurasa za mwanzo. Mzee huyu alifariki 2014 akiwa na miaka 95, na uzeeni hakuacha kufanya mazoezi. Mtu hadumu miaka yote hiyo kwa kubadilisha mikao. Naamini alidumu kwa sababu mkao ule ule wa jana ulikuwa bado una kitu cha kumwonyesha. Picha za mitandaoni za watu waliosimama kwa mikono ufukweni zinaamsha hamu ya siku mbili, basi.

Alhamisi, 20 Februari

Umeme ulikatika usiku, feni haikuzunguka. Pembetatu pande zote, kisha kulala chali. Imetosha.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani. Nimehamisha mazoezi, sasa ni baada ya Alasiri, muhogo ukiwa jikoni. Mikao ya kusimama nimeipunguza. Kiu si ya kufanyiwa ubishi. Naegemeza miguu ukutani, kisha nakaa na kufuata pumzi inavyotoka. Nilidhani njaa itanivuruga. Kumbe tumbo likiwa tupu pumzi inashuka chini sana, na naiona ikigeuka.

Patanjali, katika sutra zake za yoga, anataja vikwazo 9 vya njia hii, na cha kwanza ni ugonjwa. Baada yake kuna uzito wa akili, shaka, uzembe, uvivu. Napenda kwamba kavitaja kimoja kimoja. Leo changu ni uzito wa akili. Nikishakijua, najua la kufanya: nafungua dirisha, nakaa wima, macho wazi. Kingekuwa shaka, ningefungua kitabu. Kujilaumu kwamba sina nia hakunisaidii chochote, kwa sababu hakuniambii ni kipi kati ya hivyo.

Mama ananitazama kutoka kwenye kochi nikiandaa kiti cha mazoezi. Goti linamsumbua, na kusujudu siku hizi kunampa tabu. "Hicho kiti unakifanyia nini?" Nikamweleza kwamba Iyengar ndiye aliyewazoesha watu kutumia viti, mikanda na matofali ya mbao, ili mwili usioweza kufika usaidiwe ufike. "Basi kisogeze hapa." Akashika mgongo wa kiti, akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka mgongo wake ukanyooka. Nikamtazama nyayo.

Ijumaa, 28 Machi

Wageni wa Idd wameanza kuingia kutoka Tanga, na sebule imejaa magodoro. Mkeka umehamia ushorobani, ambako upana hautoshi pembetatu. Nimesimama wima tu, mgongo ukutani, nikitafuta uzito uko wapi: kisigino cha kushoto kinabeba zaidi ya cha kulia, hata nikiwa sijainama popote. Hili sikulijua. Mama amepita na sinia la tende, akauliza kiti chake kiko wapi.