Kwanza Jua Uko Wapi

Nilikuwa kimya kidogo. Nilienda nyumbani Lokichoggio kumsalimia mama. Leo nina somo dogo la Linux, na ada yake nimeshailipa.

Kompyuta ya mama, niliyomwekea Ubuntu mimi mwenyewe, ilikuwa imejaa. Ndani ya kabrasha la Picha kulikuwa na kabrasha jingine, Nakala, lenye picha zilizojirudia. Nikafungua terminali, nikaingia Picha, kisha nikaandika harakaharaka:

cd nakala
rm *

Umeona kosa? Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kompyuta ilinijibu kwamba hakuna kabrasha la jina hilo, lakini sikusoma jibu. Vidole vilishamaliza mstari wa pili. Kumbe nilikuwa bado ndani ya Picha, na rm haina pipa la taka. Picha 34 za nyanya, tuliyemzika mwaka jana, zikaenda.

Kilichoniokoa kidogo ni kwamba rm ikiwa peke yake haifuti makabrasha. Nakala ilibaki, na ndani yake picha 11 za nyanya. Nilichotaka kukitupa ndicho kilichosalia.

Ukiwa Kakuma, dereva akisema "twende mji unaofuata", unaweza kufika Lokichoggio au Lodwar. Inategemea gari limeelekea wapi. Amri nazo ni hivyo hivyo. Hutekelezwa pale ulipo, si pale unapodhani upo.

Siku hizi nafuata utaratibu huu:

pwd – inakuonyesha uko kabrasha gani
ls – inakuonyesha kilichomo
cd .. – inakurudisha ngazi moja juu
cd Nakala && rm -i * – cd ikishindwa, rm haianzi; na hiyo -i inakuuliza kabla ya kufuta kila faili

Ni sekunde chache tu. Chuoni nilifundishwa amri hizi wiki ya kwanza, nikaziona za watoto.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, ile ya nyanya akiwa mlangoni ipo?"

Haikuwepo.

Kesho yake nilinunua flashi diski, nikahifadhi zile 11, nikampa aiweke mbali na kompyuta. Nawe, kabla hujafunga ukurasa huu: picha zako ziko mahali pangapi?